Samaki Waliozaa Kwenye Ploti Yetu

Alhamisi, tarehe kumi na saba, mwezi wa saba. Asubuhi ukungu, mchana manyunyu, na jua halikutoka hata lile la kudanganya.

Leo nilikuwa Ngara kutafuta zipu na uzi wa cherehani. Nikikata njia ya ndani, kati ya wauza nguo na wauza vyombo, nikapita kibanda cha samaki wa mapambo. Sikuwa na haja nacho. Lakini muuzaji alikuwa akimwambia mama mmoja, kwa uhakika wote wa mtu anayetaka kufunga biashara, kwamba awachukue tu bila wasiwasi, hawa hawazaani. Miguu ikakataa kwenda. Nilisimama pale na mfuko wangu wa nyuzi mpaka yule kijana akadhani nataka kununua.

Nimerudi nyumbani na neno hilo, ndiyo maana naandika. Mimi si mtu wa maandishi mengi. Shule niliiachia kidato cha pili, na mara nyingi nikisoma nilichoandika jana naona nimemwonea mtu. Basi, rafiki yangu unayesoma, nisilolijua vizuri nitakuambia silijui. Wakati wa haya nitakayosimulia nilikuwa darasa la nne, na mtoto wa darasa la nne huona mengi akaelewa machache.

Tuliishi Uthiru, pembeni mwa Nairobi, chini ya barabara kubwa, kwenye ploti ya vyumba vya mawe vilivyotazamana, uwanja wa saruji katikati, mfereji mmoja wa kuchotea maji, kamba za nguo juu ya vichwa. Asubuhi ungesikia redio tatu zikisoma habari ile ile na watoto wakisuguliwa shingo kwa maji baridi. Harufu zilikuwa na zamu zao: chai ya tangawizi alfajiri, maharagwe ya jirani yetu mchana, na jioni sukuma wiki ikikaangwa kila mlango kwa wakati mmoja, hata usijue njaa yako inatoka chumba gani. Chetu kilikuwa cha mwisho, kimeegemea ukuta wa ploti. Tulikaa wanne: mama, nyanya mzaa mama, mama mdogo, na mimi.

Mama mdogo alikuwa ameolewa kwetu magharibi, na mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ya tatu ilipofika mahali pa kuonekana, nyanya alimfungia virago akamleta Nairobi akae karibu na hospitali kubwa, naye mwenyewe akaja kumlinda. Hilo ndilo lililokuwa jambo la nyumba yetu mwaka ule, ingawa halikutajwa. Kwa nyanya, mimba haizungumzwi. Hakukununuliwa kofia wala soksi, hakukutafutwa jina. Ukiuliza mama mdogo anaendeleaje, nyanya alijibu kwa niaba yake, "Yupo," na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nilijifunza kumtazama mama mdogo kuanzia mabegani kwenda juu.

Tangi la samaki lilikuja kupitia kwa mama. Alikuwa akifanya usafi kwenye nyumba ya familia moja kule Westlands, na familia hiyo ilipohama nchi ikamwachia vitu ambavyo haviwezi kupanda ndege. Wengine hupewa kochi. Mama alipewa tangi la kioo, taa yake, hita yake, kimashine chake cha kupuliza hewa, na samaki wenyewe kwenye mifuko ya plastiki. Lilipobebwa na wanaume wawili kupita uwanjani, ploti nzima ilitoka. Mmoja akauliza, "Mama, hiyo ni kitoweo ama ni picha?" Sisi watu wa magharibi twajulikana kwa samaki, lakini wa sahani. Nyanya alilizunguka tangi akasema kwamba bosi wa mama lazima alikuwa na njaa ya macho.

Lakini hata yeye alizoea, na sote tukazoea. Lilikuwa tangi la mchanganyiko, makabila tofauti ya samaki ndani ya maji mamoja, kama sisi wenyewe. Kulikuwa na wadogo wenye mstari wa buluu uliowaka, waliotembea pamoja kama darasa linaloenda maombi. Kulikuwa na wa manjano wenye mikia mipana, na mmoja mweusi aliyeng'ang'ania kioo akikilamba siku nzima, tukamwita mfagiaji. Na kulikuwa na wawili wa milia myeusi na myeupe, tuliowaita wafungwa, kwa sababu sare za jela zilikuwa hivyo. Jioni watoto wa ploti walijazana mlangoni, mama akiwasha taa ya tangi na kuzima ile ya juu, na chumba kikawa cha kijani, kile kimashine kikinguruma kama paka. Naikumbuka sauti hiyo kuliko ninavyoikumbuka sauti ya baba yangu.

Mama alinipeleka Ngara Jumamosi moja kununua chakula chao. Muuzaji wa wakati ule, mzee mwenye koti la mvua, aliuliza ana samaki gani. Alipotajiwa wale wa milia alicheka. "Hao ni wakali wakizaa," alisema, "lakini wako ni wawili tu, na hivyo unavyowaeleza, wote ni madume. Usiwe na shaka, mama." Mama hakuwa na shaka. Simlaumu yule mzee. Hakuwaona, alisikia tu maelezo ya mama, na mama aliwaeleza kama mtu anayeeleza majirani asiowajua.

Walizaa mwezi wa sita mwanzoni, baridi ilipoanza kukaa. Aliyegundua ni mama mdogo. Alikuwa na desturi ya kukaa mbele ya tangi mchana, miguu kwenye kigoda, na siku moja akaniita polepole, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha. Ndani ya kile chungu kilichovunjika, kilichowekwa pale kama pambo, ukuta ulikuwa umejaa mayai. Siku chache baadaye kukawa na kitu kama vumbi linalotetemeka. Kisha lile vumbi likaanza kuogelea.

Sikiliza jambo hili, maana bado huniamsha. Mtoto akipotea mbali na chungu, mama yake alimfuata akamnyakua kwa mdomo. Watoto wa ploti walipiga kelele kwamba anawala. Mama mdogo akasema hapana, anawabeba, tazameni. Na kweli, yule samaki alirudi kwenye chungu akawatema, nao wakaanguka wazima. Tulitazama tena na tena, na kila mara kwa nukta moja hukuweza kujua.

Habari ilienea. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Ukambani aliyeuza maharagwe na mahindi ya kuchemsha, alikuja kutazama akiwa bado na mwiko mkononi. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akamwita nyanya nje, nami nilikuwa nafua soksi pale mferejini nikasikia.

"Shosho, mimi singeacha hiyo kitu kwa nyumba," alisema. "Kama mliambiwa hawazai, na wamezaa wakati nyumba iko na mtu anangoja, si inakaa ni kama wamechukua nafasi ya mtu?"

Aliyasema hayo kama yake, wala sisemi Wakamba wote husema hivyo. Na hakusema kwa ubaya. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayekuambia kamba ya nguo yako inataka kukatika.

Nyanya alimjibu kwa upole kwamba kwao kitu kikizaa ndani ya nyumba ni baraka imebisha hodi, na baraka haifukuzwi. Lakini kuanzia siku ile alibadilika. Nadhani, na hapa nakisia, kwamba yale maneno yalimwingia, akaamua kuyageuza: kama samaki wameshika nafasi ya mtoto, basi wasife. Wakipona wao, atapona naye. Hakuwahi kusema hivyo kwa mdomo. Alifanya tu. Akaweka leso mbele ya tangi ili macho ya wageni yasiwaangukie, kama anavyofichwa mama aliyejifungua kule kwetu. Watoto wa ploti wakakatazwa mlango. Mama mdogo peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuinua pindo la leso, na nyanya alimtazama akitazama.

Ndipo wale wengine wakaanza kufa. Asubuhi moja wa manjano alielea ubavu, mkia umeliwa. Kisha mwenzake. Wale wa mstari wa buluu walirundikana kwenye kona ya juu, karibu na uso wa maji, na wafungwa wakawa wanakuja huko kuwafuata mmoja mmoja, bila haraka. Mfagiaji aliacha kufagia. Mama alisema tuwatenge, tutafute ndoo. Nyanya akakataa, mzazi hahamishwi na watoto wachanga. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake mwezi mzima, kila alipomtoa maiti kwa kijiko. Hakuna hata mmoja aliyetupiwa paka. Aliwafunga kwa gazeti akawazika kwenye kile kipande cha udongo kando ya choo, na mikono yake akainawa mara mbili.

Sikupenda tena kulala upande wa tangi. Lakini nyumba ilikuwa moja, na kitanda cha upande ule kilikuwa changu.

Katikati ya mwezi wa saba transfoma ya mtaa ililipuka, na stima zikapotea. Kimashine kikanyamaza. Hukujua jinsi nyumba ilivyokuwa na kelele mpaka ilipokosa ile. Siku ya kwanza watu walitania, wakapika nje, wakashiriki mishumaa. Siku ya pili baridi ilishuka kama unavyoijua ya Uthiru, ile inayoingia kupitia nyayo. Nyanya aliingiza kidole kwenye maji, akakitoa, akakishika kwa mkono mwingine kama kimeumia. Asubuhi ile nilipokuwa nikifunga kamba za viatu alikuwa amekaa akitazama tangi, na akasema, si kwangu, "Watakufa hawa." Mama mdogo alikuwa ameketi kitandani na blanketi mabegani. Alisikia. Aliingiza mkono wake chini ya blanketi, akaushikilia hapo.

Mama alienda kazini. Mimi nikaenda shule.

Yaliyotokea mchana niliyajua baadaye, vipande vipande, na nitayaeleza kwa haki kadiri niwezavyo. Nyanya aliazima jiko la makaa kwa jirani wa maharagwe. Hakulileta ndani likifuka. Aliliwasha uwanjani, akalipepea mpaka makaa yakawa mekundu bila hata uzi wa moshi, kwa sababu alijua kama kila mtu alivyojua kwamba moshi ndio mbaya. Kwao, moto haukutoka ndani ya nyumba ya mzazi. Uliwashwa siku mtoto anapozaliwa, ukalindwa, mlango ukafungwa, na mtoto akakua. Lakini nyumba ile ilikuwa ya udongo na nyasi, na kati ya ukuta na paa palikuwa na nafasi ya mkono kuzunguka nyumba nzima. Sikumsikia mtu yeyote akimwambia nyanya kwamba chumba cha mawe hakina nafasi hiyo. Majirani wengi walikuwa wakiingiza majiko ndani jioni. Mama yangu pia alikuwa amefanya hivyo, mlango ukiwa nusu wazi.

Nyanya aliufunga. Akatandika blanketi juu ya tangi, akaziba dirisha kwa lingine, akasukuma gunia chini ya mlango. Akamwambia mama mdogo alale, apate joto naye.

Nilirudi kutoka shule nikiwa nimelowa. Mlango haukufunguka. Niliita "Kukhu", kama tunavyomwita nyanya kwetu, mara kadhaa. Nilifikiri wamelala, nikakaa kwenye kizingiti nikitoa maji kwenye soksi. Mgongo wangu uliegemea mlango, na mbao zilikuwa za moto. Nilifurahia, nakuambia ukweli. Nilijibana pale.

Jirani wa maharagwe alikuja kudai jiko lake, maana saa yake ya kupika ilikuwa imefika. Alinikuta hapo.

"Shosho amelala?"

Nikasema labda.

"Na jiko yangu iko wapi?"

Nikasema sijui, pengine ndani. Uso wake ukabadilika. Aliweka chini alichokuwa amebeba, akaupiga mlango bega, gunia likashikilia, akaupiga tena. Ulipoachia, hewa iliyotoka ilikuwa ya joto na tamu kidogo, haikuwa na moshi kabisa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Hakukuwa na kitu cha kuona. Nyanya alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa kimelala juu ya blanketi la tangi, mikono imelizunguka kama anayelibembeleza. Mama mdogo alikuwa kitandani, ametulia sana.

Jirani aliwaburuta mmoja baada ya mwingine mpaka uwanjani, akiita watu. Manyunyu yakawaangukia usoni. Nyanya ndiye aliyerudi kwanza. Alitapika, akafumbua macho, akaona mlango wetu uko wazi.

"Funga mlango," alisema. "Watapata baridi."

Mtu aliyekuwa ameleta magunia ya viazi kwa pikapu aliyashusha matopeni, wakawapakia mama mdogo na nyanya. Jirani alienda nao, akiwa na aproni yake ya maharagwe. Mimi niliachwa kwa mlango wa tatu, nikapewa uji ambao sikuumeza.

Mama mdogo alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kiume, hilo nililijua kwa sababu mama alilisema mara moja tu, akiwa amenipa mgongo. Daktari, kama mama alivyotueleza, alisema hewa ya makaa ingeweza kuwa ndiyo sababu, na kwamba mwanamke aliyepoteza mimba mbili angeweza pia kupoteza ya tatu bila jiko lolote. Hakuna aliyeweza kuapa. Nimelibeba hilo neno "angeweza" miaka yote hii, nikiliweka upande huu wa mizani na upande ule, na bado sijui uzito wake.

Samaki walipona. Wote. Chini ya lile blanketi maji yalikuwa yamekaa na joto lake, na tulipolitoa wale wafungwa walikuwa wakizunguka chungu, na watoto wao wamenenepa, milia imeanza kuonekana.

Mama mdogo aliporudi kutoka hospitali, uwanja ulikuwa kimya. Wanawake walikuwa wamekuja na unga, mayai, sukari, wakakaa ukutani. Nyanya alikuwa kwenye pembe, hakuinuka kumpokea. Jirani wa maharagwe alikuwa tayari na ndoo. Alikuwa amezungumza na mama, wakakubaliana kwamba samaki wamwagwe mtaroni kabla mgonjwa hajawaona, lakini pikapu iliyomrudisha ilifika mapema. Akasimama na ndoo yake katikati ya chumba, hajui aiweke wapi.

Mama mdogo alitazama ndoo, akatazama tangi.

"Waacheni," alisema. "Na wao ni watoto wa mtu."

Kisha akalala, akageukia ukuta.

Kwa hiyo waliachwa, na huo haukuwa wema peke yake. Walikua mbele yetu. Wale wa buluu walimalizika, mfagiaji akafa, na tangi likawa la milia tupu. Nao wakazaa tena, na tena, hata wakaanza kuwindana wenyewe kwa wenyewe, na asubuhi nyanya akawa na kazi ile ile ya kijiko. Hakusema tena kauli yake. Alirudi magharibi kabla ya Krismasi. Mama mdogo alirudi kwa mumewe, akakaa huko miaka kadhaa, na hakupata mtoto, na ndoa ikaisha kama zinavyoishaga, bila kelele, mwanamke mwingine akiletwa nyumbani. Yeye akarudi Nairobi. Tangi nalo lilipasuka siku tulipohama, na sikumwona aliyelia.

Nyanya tulimzika kwao. Aliishi miaka mingi baada ya mwaka ule, mzima, mcheshi hata, lakini watoto wa nyumbani kwake husema hakulala tena na mlango uliofungwa, hata mwezi wa mvua, hata mbuzi walipoingia.

Ile ploti haipo. Pamesimama gorofa yenye lifti na mlinzi anayekuuliza unaenda kwa nani. Nimepita pale, nikajaribu kukisia mfereji ulikuwa wapi, na kile kipande cha udongo kando ya choo. Jirani wa maharagwe alihamia kwao na sijui kama yuko hai. Nilikuwa nimekusudia kumtafuta nimshukuru, na nikawa nikisema mwaka ujao. Redio tatu, kamba za nguo, harufu ya sukuma kutoka milango yote. Vimekwenda, na sisemi vilikuwa vizuri kuliko vya sasa. Milango ilikuwa karibu mno. Lakini kama isingekuwa karibu, jirani asingekuja kudai jiko.

Mama mdogo anaishi nami sasa. Mimi nashona, yeye anatengeneza vifungo na kupiga pasi. Leo niliporudi kutoka Ngara nilimkuta akichagua ndengu kwenye ungo. Sijui ni nini kilichonisukuma. Nilimuuliza lile ambalo hatujawahi kulisema, kama aliwahi kumlaumu Kukhu.

Hakuacha kuchagua. Alitoa jiwe moja, akaliweka pembeni, akatoa lingine. Nilikuwa tayari nimeanza kujuta.

"Mama yangu alisikia baridi ya mtoto wangu," alisema, "kabla sijaisikia mimi."

Nimeliandika kama alivyolitamka. Sijui kama ni msamaha au ni shitaka, na sikuuliza zaidi. Aliinuka akabandika ndengu.

Jioni tumekula ndengu za nazi na chapati, yeye mbili, mimi mbili, na moja ikabaki kwenye sahani katikati yetu, kila mmoja akimsukumia mwenzake mpaka ikapoa.